Kupoza si Kupooza

Mhadhara wa wazi uliotolewa Ibadakuli, Manispaa ya Shinyanga, mbele ya wazazi, walimu, wanafunzi na wachimbaji wadogo

Vijana, nawaona, hata ninyi mliojibanza karibu na mlango ili mtoroke mapema.

Nimeombwa nizungumze kuhusu kujiamini. Walionialika hawakujua kwamba karibu mwaka wangu wote wa kidato cha kwanza sikufungua mdomo darasani ila kuitikia jina. Hilo nitalirudia. Kwanza naomba tutazame nje, kule iliko minara.

Ile njia kubwa ya umeme ina urefu wa kilomita 670. Inaanzia Iringa, inapita Dodoma na Singida, inakuja kukomea hapa kwetu Ibadakuli, nayo ilijengwa ibebe kilovolti 400. Umeme wa kiasi hicho hauingizwi nyumbani kwa mtu. Ungeondoka na taa, friji na paa. Ndiyo maana kipo kile kituo tunachokiita kituo cha kupoza umeme. Wahandisi wana jina lao, sisi tumesema kupoza, kama tunavyosema juu ya uji wa mtoto: moto ni uleule, umeshushwa tu hadi unyweke. Siku hizi nasoma magazetini wameandika kituo cha “kupooza” umeme, kwa o mbili. Mimi ni mwalimu mstaafu, siwezi kuacha kusahihisha. Kitu kilichopozwa bado kina nguvu ya kufanya kazi. Kilichopooza kimelala. Na hiyo o moja inayozidi ndiyo itakayonichukua mchana huu wote.

Ubongo wa mtu mzima una uzito wa kilo 1.4 hivi. Una seli za neva zipatazo bilioni 86, zinazosemezana kwa umeme na kemikali, na ingawa ni sehemu ndogo ya mwili, unakula kama moja ya tano ya nishati yote unayoitumia ukiwa umepumzika. Ndani yake, upande wa kulia na wa kushoto, mna kijisehemu chenye umbo la lozi. Wataalamu wanakiita amigdala, neno la Kigiriki lenye maana hiyohiyo ya lozi. Hicho ndicho kinachopiga king’ora. Fisi akilia nyuma ya zizi, kinapiga. Mwalimu wa hisabati akitaja jina lako, kinapiga vilevile. Moyo unaenda mbio, mate yanakauka, viganja vinalowa jasho.

Nyuma ya paji la uso ipo sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayopima, inayopanga, na inayoweza kukiambia king’ora kwamba huyu si fisi, huyu ni Mwalimu. Hicho ndicho kituo chetu cha kupoza. Balaa lake ni kwamba kinakomaa mwisho kuliko sehemu nyingine, hadi mtu anapokaribia miaka 25. Kwa hiyo, akina mama, kijana wako wa kidato cha pili ana kilovolti 400 zote, na kituo bado kiko mikononi mwa mkandarasi. Ukimwona anapandwa na hasira kwa neno dogo au anagoma kusimama mbele za watu, usikimbilie kusema ana kiburi.

Sasa, kituo hiki kinajuaje lini cha kupoza na lini cha kuacha king’ora kilie?

Mwaka 1967 Martin Seligman na Steven Maier, wakiwa bado vijana katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania huko Marekani, walichapisha jaribio ambalo leo nadhani lisingepata kibali kirahisi, maana liliwatesa mbwa. Mbwa wa kundi moja walipigwa shoti miguuni, lakini kandokando ya kichwa palikuwa na kibao; mbwa akikisukuma, shoti inakatika. Mbwa wa kundi la pili walifungwa vivyo hivyo, wakapata shoti zilezile kwa muda uleule, ila kibao chao hakikuunganishwa na kitu. Maumivu yao yalilingana na ya wenzao, lakini swichi ilikuwa kwa wengine. Baadaye wote walipelekwa kwenye sanduku lenye kizuizi kifupi ambacho mbwa anaweza kukiruka akaepukana na shoti. Wa kundi la kwanza waliruka. Wengi wa kundi la pili walijaribu kidogo, kisha wakalala chini, wakawa wanalia na kungoja iishe yenyewe. Kwa o mbili: walipooza.

Kwa karibu miaka 50 sisi walimu tulifundishwa kwamba mbwa wale walijifunza kukata tamaa. Mimi mwenyewe nimewafundisha hivyo walimu vijana, na naomba radhi. Maier hakuliacha lile jambo. Alienda kuchungulia ndani ya ubongo, safari hii wa panya, huko Colorado, na mwaka 2016 yeye na Seligman waliandika kwamba walikuwa wameishika ile nadharia kichwa chini miguu juu. Kulala chini hakuhitaji mafunzo. Mateso yakiwa marefu, kundi dogo la seli kwenye shina la ubongo linaamka na kumwaga serotonini kwa wingi, na mnyama analegea. Ndivyo tulivyoumbwa. Kinachojifunzwa ni kile kingine: sehemu ya mbele inapogundua kwamba nikifanya hivi shoti inakatika, inateremsha amri, na zile seli zinatulizwa. Na panya aliyewahi kuishika swichi, hata akikutana baadaye na shoti asiyoweza kuizuia, halegei upesi. Kituo chake kimeshawashwa.

Tulizoea kuuliza, huyu mtoto nani kamvunja moyo? Swali hilo bado lina mahali pake, maana wapo wanaowavunja watoto mioyo, tena kwa fimbo. Lakini kuna swali jingine ambalo hatuliulizi: je, amewahi kupewa swichi? Mtoto anayekaa kimya nyuma ya darasa huenda hana jeraha lolote. Yuko tu pale ambapo kila kiumbe huanzia. Kujiamini ni kumbukumbu ya mara ulipotia mkono wako, na mambo yakageuka kwa sababu ya mkono huo.

Aliyeichambua kumbukumbu hiyo kwa binadamu kuliko wengine wote, kwa maoni yangu, ni Albert Bandura, aliyezaliwa Kanada mwaka 1925 na kufundisha Chuo Kikuu cha Stanford, California, hadi uzeeni. Alifariki mwaka 2021. Na alianzia wapi? Kwenye nyoka. Aliwachukua watu wenye hofu kali ya nyoka, wale ambao hata kulima bustani wameacha. Hakuwahubiria. Kwanza walimtazama mtu mwingine akimshika nyoka, wao wakiwa mbali. Kisha wasogee mlangoni. Kisha waguse wakiwa wamevaa glavu nene. Kisha mkono mtupu. Kwa wengi ilikuwa kazi ya saa chache, na mwisho wake nyoka anatambaa mapajani mwao. Lililomshangaza Bandura ni walichokuja kumsimulia baadaye: kwamba hofu nyingine, zisizohusu nyoka kabisa, nazo zilikuwa zimepungua. Mwaka 1977 ndipo alipotoa makala yake maarufu juu ya imani ya mtu kwamba anaweza kutenda, akiweka juu ya vyanzo vyote uzoefu wa kufanya mwenyewe na kufaulu. Kumtazama mwenzako akifaulu kunafuata. Maneno ya kutiwa moyo aliyaweka chini ya hivyo viwili.

Wazee waliokaa mbele wanatabasamu, na najua kwa nini. Usukumani tuna Bayeye na Bagoyangi, vyama vya watu wa nyoka, wanaojua kuwakamata, wanaojua dawa za kuumwa, na wanaocheza nao ngomani umati ukiwa umeduwaa. Mtu hazaliwi akicheza na chatu. Anaingia chamani, anakaa karibu na wanaojua, anafundishwa. Stanford wana maabara na tarakimu, nazo naziheshimu. Lakini ule mpangilio wa kutoka mbali hadi mkono mtupu, babu zetu hawakuhitaji kuambiwa na mtu.

Nilisema nitarudi kwenye kimya changu. Darasa la saba nilikuwa hodari. Nililijua somo la sayansi kwa Kiswahili, na Kiswahili chenyewe nilikuwa nimekikuta shuleni, maana nyumbani tulisema Kisukuma. Nikaingia sekondari, lugha ikabadilika tena, ikawa Kiingereza. Wiki ya kwanza niliulizwa jinsi mmea unavyojitengenezea chakula. Nilijua! Nilisimama na jibu lote la usanisinuru kichwani, na mdomoni likatoka neno moja la Kiingereza, tena nililitamka vibaya. Darasa lilicheka. Mwalimu alicheka pia. Sitaitaja shule, mwalimu mwenyewe naye, nadhani, alikuwa na woga wake wa lugha hiyo. Nilikaa chini, na sikusimama tena hadi Desemba.

Kilichotokea kichwani mwangu leo nakielewa. Ubongo una meza ndogo ya kazi, mahali unaposhikilia maneno machache huku unayapanga. Hofu ya kuchekwa inapanda juu ya meza hiyo na kukalia nusu yake. Mtoto anayetafsiri huku akiogopa amebakiwa na kona ya meza, halafu tunaandika kwenye ripoti “uwezo wake ni mdogo”. Yapo mabango kwenye shule zetu yanayokataza Kiswahili getini. Nimeyapita maisha yangu yote na sijawahi kuona bango lililomfundisha mtu Kiingereza.

Likizo ile kaka yangu mkubwa, aliyekuwa mchimbaji upande wa Geita, alinichukua nikakae naye. Akanishusha kwenye duara, yaani shimo la wachimbaji. Leo nisingemruhusu mtoto wa mtu kushuka humo, na sheria hairuhusu; nasimulia lililokuwa, sisifu. Kule chini, kabla ya mtu kugusa kitu, kaka alichukua nyundo akawa anaugonga mwamba wa juu, mahali baada ya mahali, ameinamisha kichwa kama anayesikiliza redio yenye betri dhaifu. Mwamba mzima unalia kama kengele. Uliolegea unalia kama debe tupu. Akanipa nyundo.

“Gonga pale. Unasikia nini?”

Moyo ulikuwa unanidunda kooni. Nikasema, “Debe.”

“Una uhakika?”

Hakucheka, na hakunisaidia. Nikagonga tena. “Debe, kaka.”

Akanivuta nyuma, akachukua mtaimbo mrefu, akachokonoa pale nilipopaonyesha. Likaanguka bapa la jiwe ambalo watu wawili wasingelibeba. Vumbi lilipotulia alisema, “Haya, tuendelee na kazi.” Hakunipongeza hata kidogo. Jiwe lenyewe lilikuwa limeshasema.

Nisiwadanganye kwamba Januari nilirudi shuleni nikiwa simba. Nilirudi nikiwa hodari wa mwamba na bubu wa Kiingereza. Kujiamini kuna mipaka ya shamba. La kwako la mpunga halikupi mavuno ya pamba. Mvulana wa miaka minane anayechunga ng’ombe ishirini kutoka hapa hadi malamboni na kuwarudisha wote jioni ana ushahidi wa kutosha kichwani kwamba anaweza, ila darasani hakuna anayemuuliza swali ambalo jibu lake linapitia kwa ng’ombe. Kwangu mimi aliyefungua mlango ni mwalimu mwingine, wa kidato cha pili. Aliniruhusu niandike jibu kwanza, nilisome kutoka kwenye karatasi. Mwezi uliofuata nisome nusu na nusu niseme. Alikuwa ananipa glavu nene, kama zile za Bandura, na sidhani kama alikuwa amewahi kulisikia jina hilo.

Sasa niseme la kutuuma.

Ukanda huu wetu, tangu Mwadui ya almasi aliyoigundua mwanajiolojia Williamson mwaka 1940 hadi madimbwi ya marudio, yale mabaki ya mchanga wa dhahabu, kule Nyarugusu, ni ukanda wa kubahatisha. Mchimbaji mdogo anaweza kuchimba miezi minane hajapata hata pointi moja ya dhahabu, na jirani yake, hatua kumi pembeni, akapiga mwamba. Kifusi hakikuulizi ulisali au hukusali. Mwaka 2015 kule Nyangalata, wilayani Kahama, watu watano walitolewa hai baada ya siku 41 chini ya ardhi. Mahali pa namna hiyo mkono wako una sauti ndogo. Na ubongo haupendi hali hiyo hata kidogo. Mwaka 2008 watafiti wawili, Jennifer Whitson na Adam Galinsky, waliwafanya watu wajihisi hawana udhibiti wa mambo, kisha wakawaonyesha picha za vitone visivyo na maana. Watu wale waliona sura na vitu ambavyo havikuwamo. Miaka mingi kabla yao mwanaanthropolojia Malinowski alishaona kwamba wavuvi wa visiwa vya Trobriand hawakuhangaika na uganga walipovua kwenye maji ya ndani yaliyotulia. Uganga ulikuwa wa bahari kuu.

Mpiga ramli analijua hilo bila kusoma. Ukimwendea hakupi dhahabu, maana angekuwa nayo asingekaa kwenye kibanda kile. Anakuuzia hisia kwamba umeshika swichi. Na ninyi mnajua, sihitaji kunong’ona, bei ya hisia hiyo imelipwa na nani katika mikoa hii. Imelipwa kwa damu ya ndugu zetu wenye ualbino. Watoto wenye ualbino walijazana katika kituo cha Buhangija, mwendo mfupi kutoka hapa, wakikimbia majirani waliokuwa wanatafuta kujiamini. Januari 2015 serikali ilipiga marufuku waganga wapiga ramli. Marufuku ni sawa, mimi naiunga mkono. Lakini mteja atabaki pale pale iwapo maisha yake yote ni kibao kisichounganishwa na kitu.

Linganisha na jambo dogo lisilo na mbwembwe. Machi 2019 lilifunguliwa soko la dhahabu Geita, la kwanza la namna hiyo nchini. Kabla ya hapo wengi waliuza kwa mtu aliyekuja na mzani wake na bei yake mfukoni. Mchimbaji anayeiona bei, anayeuona mzani, anayeweza kusema “hapana” akaenda meza ya pili, huyo ameshika swichi ya kweli. Sisemi soko limemaliza dhuluma. Nasema kuna kujiamini ambako hakutengenezwi kichwani mwa mtu peke yake, na ukimwambia mnyonge “jiamini tu” huku mzani ni wa uongo, umemtukana.

Ndiyo maana sina uvumilivu na hawa wahamasishaji wa siku hizi wanaokuja na suti na spika kubwa, wakatupigisha kelele: “Mimi ni mshindi! Mimi ni mshindi!” Joanne Wood na wenzake huko Kanada walilipima jambo hili mwaka 2009. Watu waliokuwa tayari wanajithamini walipojirudia sentensi nzuri juu yao wenyewe waliongezeka furaha kidogo. Wale wasiojithamini, ambao ndio hasa wanaouziwa tiketi, walijisikia vibaya zaidi. Ubongo unatunza kumbukumbu zake. Ukiuambia “mimi ni mshindi” unafungua faili, unakuta ni tupu, na unakukumbusha kila mara uliposhindwa.

Na yupo ndugu yake mhamasishaji huyo, anayejiamini kwa kuwa hajui. Mwenye duara asiyeweka matimba, magogo ya kuushikilia mwamba, kwa sababu “mwamba huu mimi naujua”. Huyo king’ora chake kimekatwa waya. Msimsifu kwa ujasiri.

Mnaofanya mtihani karibuni mna haki ya kuondoka na kitu cha mkononi. Moyo ukidunda kabla ya mtihani, usijiambie “tulia”. Huwezi kuushusha umeme wote huo kwa dakika mbili. Alison Wood Brooks, mwaka 2014, alikuta watu waliojiambia kwamba wamechangamka wakifanya vizuri kuliko waliojilazimisha kutulia, maana moyo wa hofu na moyo wa hamu unadunda karibu sawa, na ni rahisi kuubadilisha jina kuliko kuuzima. Jingine: chukua karatasi dakika kumi kabla, andika kila unachokiogopa juu ya mtihani huo, bila kupamba. Gerardo Ramirez na Sian Beilock walilijaribu hilo mwaka 2011, na wanafunzi wenye woga mwingi ndio waliofaidika zaidi. Ile meza ndogo inapata nafasi. Hizi ni glavu tu. Swali ulilolifanya wewe mwenyewe jana usiku, ukakosea, ukalirudia hadi likakubali, ndilo litakaloongea ndani ya chumba cha mtihani.

Wazazi, acheni kuwafungia watoto kamba za viatu. Mwachieni binti apeleke kuku gulioni, apange bei, apunjwe mara moja, arudi alie, aende tena Jumapili inayofuata.

Nimetumia muda kuliko niliopewa, na mwenyekiti anaangalia saa. Tuingie kwenye maswali. Kawaida yetu wa kwanza kushika kipaza sauti ni diwani, kisha mchungaji, kisha mwalimu mkuu, na saa inaisha. Wakubwa zangu, leo mtanisamehe. Nimemwona binti mwenye sweta la kijani pale nyuma ambaye tangu nilipotaja Bayeye amenyanyua mkono nusu na kuushusha mara tatu. Mpeni kipaza sauti. Uliza kwa Kisukuma, kwa Kiswahili, kwa Kiingereza, changanya zote ukitaka. Kama umeliandika, lisome. Na ninyi wengine, atakayecheka nitamwita yeye awe wa pili.

Karibu, mwanangu. Tunakusikiliza.